Boti huanza kuzama ikiwa ufukweni

Upepo wa kusi umeanza kulegea. Nyinyi mnaokaa karibu na bahari mmekwisha kuziona dalili: asubuhi maji yametulia kama yaliyo ndani ya beseni, na ngalawa zinakwenda mbali kuliko zilivyokwenda mwezi wa Julai. Haya ndiyo majira ambayo wazee wa pwani wanayaita tangambili, kusi inapokwisha na kaskazi haijashika. Si muda kiangazi kitaingia, kije na Krismasi na Mwaka Mpya, na sisi watu wa Dar es Salaam tutafanya kama kila mwaka. Tutabeba watoto, maboksi ya barafu na sufuria la pilau, tuteremke Msasani au Kunduchi, tupande boti twende zetu Bongoyo na Mbudya.

Wenye boti nao wanalijua hilo. Ndiyo maana ukipita ufukweni siku hizi utazikuta boti zimeegemezwa juu ya magogo, na watu waliovua mashati wanakwangua, wanapiga msasa na kupaka rangi. Leo nataka tuzungumze habari za boti hizo, maana lipo jambo ambalo sisi abiria hatulitazami. Tunadhani boti huzama kilindini. Mimi nasema boti huanza kuzama ikiwa bado ufukweni, juu ya magogo, na pengine inanukia rangi mpya.

Nieleze. Oktoba ya mwaka jana sahibu yangu mmoja alikuwa akiitayarisha boti yake. Ni boti ya faiba, urefu wake futi 23, yenye mashine moja ya nguvu za farasi 60. Ilikuwa imelala nchi kavu tangu masika, chini ya turubai. Hesabu ya matumizi alikwisha kuipanga: rangi ya buluu na nyeupe, paa la kitambaa la kukinga jua, viti vya sponji, na spika mbili kubwa za muziki. Nilikwenda kumtembelea, na kwa tabia yetu sisi waandishi wa habari nikaishia kukaa na fundi.

Fundi huyo, mzee wa watu, mzaliwa wa Mafia, hakuanza na brashi. Alichukua bisibisi, akaishika upande wa chuma, akawa anagonga mwili wa boti kwa mpini, shubiri kwa shubiri, huku ametega sikio. Palipo pazima palilia vizuri, ko, ko, ko. Alipofika nyuma, kwenye ubao wa tezi inapofungwa mashine, sauti ikafa. Ikawa kama mtu anayegonga gunia la unga. Mzee akaishika mashine, akaipandisha na kuishusha kwa nguvu. Ubao ukacheza.

"Bwana mtangazaji," akaniambia, "wewe unaona faiba, lakini katikati ya faiba kuna mbao. Maji yamepenya kwenye tundu la bolti, mbao imeoza. Mashine hii ina uzito wa kiasi cha kilo 100, na ikiwashwa inasukuma boti nzima na watu wake. Siku bahari ikichafuka ubao huu utafunguka kama mlango."

Sahibu yangu akauliza kama kazi hiyo isingeweza kungoja mpaka sikukuu zipite, kwa kuwa wateja walikuwa wamekwisha kutoa ahadi. Mzee akamtazama, akamjibu: "Mwanangu, spika hazifui maji." Kufua maji, kwa wasiojua lugha ya mabaharia, ni kuyachota na kuyatoa yaliyoingia chomboni.

Kazi ya ubao ilichukua wiki tatu. Ilikula fedha za paa, za viti na za spika. Na ufundi ulipoanza mengine yakaonekana. Mpira wa petroli ulikuwa umepasuka vinyufa vidogo kama kisigino cha mkulima. Petroli iliyosahaulika tangini tangu Machi ilikuwa imechacha, na chini yake kulikuwa na maji. Mshipi wa kuvulia ulikuwa umejiviringisha nyuma ya rafadha ukaikata sili, kwa hiyo oili ya gia ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, ishara ya kuwa maji ya chumvi yameingia. Pangaboi dogo la mpira linalovuta maji ya kupoza mashine lilikuwa limekakamaa. Kipande cha zinki, ambacho kazi yake ni kuliwa na chumvi ili mashine isiliwe, kilikuwa kimebaki kama ukucha.

Msikilizaji, hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho abiria angekiona. Abiria angeona rangi, angesikia muziki. Na boti hiyo ingekwenda Mbudya na kurudi mara tano, pengine mara kumi, bila taabu. Kisha siku moja mashine ingezimika katikati ya mkondo, au ubao ungeachia, na sisi tungesema nini? Tungesema ajali haina kinga. Tungesema siku yao ilifika. Wapo wanaopenda kutumia methali ya wahenga kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Sibishani na wahenga, wala sibishani na mapenzi ya Mungu. Lakini mpira wa petroli uliopasuka si mapenzi ya Mungu. Huo ni mpira uliotakiwa kubadilishwa.

Na vyombo vikubwa ni vivyo hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa na watu wengi mno kupita idadi iliyoruhusiwa kuwachukua. Mamia walipoteza maisha. Watu hao hawakuzidishwa kilindini. Walizidishwa gatini, kamba zikiwa bado zimefungwa, na kila mtu akiwaona wanavyopanda. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, katika upepo mkali. Julai ni mwezi wa kusi kali. Hata kuchagua siku ya kuondoka ni kazi inayofanyika nchi kavu.

Nirudi kwenye boti ya sahibu yangu. Ilipokuwa tayari, mzee hakukubali ishuliwe siku yoyote tu. Alingoja bamvua, yale maji makubwa yanayokuja mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Tena hakungoja maji yajae kabisa. Walianza kuisukuma maji yakiwa bado yanapanda, ili ikikwama yenyewe bahari iinyanyue. Ukishua maji yakiwa yanapwa na chombo kikakwama, una saa nyingi za kukitazama kimelala ubavu. Kabla ya kusukuma alipitisha mkono nyuma kuhakikisha kizibo kimekazwa, kile kitundu cha kutolea maji. Kitu kidogo kama kidole gumba, lakini kikisahauliwa boti hujaa kabla nahodha hajamaliza kupiga picha.

Na baada ya kuishua hawakupakia mtu. Siku tatu boti ilikaa kwenye nanga karibu na ufuko, na kila asubuhi mzee alifunua sakafu kuangalia ngamani kama kuna maji. Siku ya nne waliizungusha saa nzima mahali ambapo mtu angeweza kuogelea mpaka ufukweni. Ndipo akasema, "Sasa iko tayari kuchukua watoto wa watu."

Kiangazi hicho boti ilifanya kazi ikiwa na rangi ya zamani iliyochujuka. Wateja wawili watatu waliitazama wakapanda ya jirani, yenye muziki. Hapo ndipo penye tatizo letu, ndugu msikilizaji. Mwenye boti anatengeneza kile ambacho abiria anakilipia. Kama sisi tunalipia spika, ataweka spika.

Serikali ina sehemu yake. Tanzania Bara, TASAC wanakagua vyombo vidogo na kutoa vyeti, na Zanzibar ipo Mamlaka ya Usafiri Baharini. Kazi hiyo ni njema. Lakini cheti kinaeleza boti ilivyokuwa siku ilipokaguliwa. Hakielezi ilivyo leo Jumapili saa 4 asubuhi, wakati wewe umesimama kwenye maji ya magoti umembeba mtoto.

Kwa hiyo uliza mwenyewe. Uliza jaketi okozi ziko wapi, na ni ngapi. Zisiwe zimefungwa kamba chini ya kiti, na ziwepo za kuwaenea watoto. Uliza boti imeruhusiwa kuchukua watu wangapi, kisha hesabu vichwa. Uliza kama kuna nanga yenye kamba ndefu, kasia, na redio au simu iliyohifadhiwa isilowe. Uliza petroli: mabaharia waangalifu hutumia theluthi moja kwenda, theluthi moja kurudi, na theluthi moja hubaki kwa lisilotarajiwa. Na mwisho uliza ni nani huku ufukweni anayejua tumeondoka na saa ngapi tunarudi. Tazama pia kama nahodha amejifunga mkononi ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine. Asiyeifunga, akitupwa majini boti itaendelea bila yeye.

Nahodha mzuri hatakasirika. Atakuonyesha kimoja kimoja, tena kwa fahari, kama mama anavyokuonyesha jiko lake safi. Akikasirika, au akikucheka mbele ya watu kwamba wewe ni mwoga wa bara, basi jibu umekwisha kulipata. Teremsha sufuria lako la pilau, rudi mchangani. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo haviondoki, vitakungoja mpaka upate boti nyingine.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.