Mwalimu Yuko Wapi?

Tangazo la Wizara ya Elimu ya Kenya kuhusu shule na mikondo ya masomo ya sekondari pevu waliyopangiwa watoto wetu wa gredi ya 9 umekwisha kulisikia, na yamkini katika mtaa wako wamo wazazi ambao hadi saa hii wangali na simu mkononi wakitafuta namna ya kuihama shule ambayo hawakuiomba. Manung'uniko hayo tunayaacha kwa wenyewe. Linalokitia kituo hiki cha utangazaji wasiwasi ni ile miaka mitatu iliyotangulia, gredi ya 7, ya 8 na ya 9, ambamo mtoto huingia na miaka 12 na sauti yake nyembamba, akatoka amebaleghe, ana hoja zake na ukaidi wake. Miaka ambayo aghalabu ndiyo humfanya aipende elimu au aichukie maisha yake yote. Katika miaka hiyo, mwalimu alikuwa wapi?

Mtaala wa umilisi, unaofuatwa katika gredi hizo, hatuulaumu. Fikira yake, kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda wala si kwa kukariri peke yake, ni ya tangu zamani na ina nasaba njema. Mwaka 1896 mwanafalsafa John Dewey alifungua shule katika Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, ambamo watoto walijifunza hesabu kwa kupima mbao na unga, na historia kwa kusokota nyuzi na kufuma. Na wale wenye umri wa miaka 13, walipoona chama chao cha mijadala na cha wapiga picha havina mahali pa kukutania, walishika nyundo wakajijengea nyumba ya vyama vyao. Habari hii hupendwa sana na wanaotuhubiria elimu ya kutenda. Wasichokitaja ni kwamba kufikia mwaka 1902 shule ile ilikuwa na watoto 140 na walimu 23, mbali na wasaidizi wao. Yaani, kila mwalimu na watoto sita. Shule ghali za kibinafsi zinazofuata nyayo hizo hapa kwetu hulijua jambo hilo vema, na mzazi mwenye uwezo, kabla hajatoa karo yake, huuliza kwanza darasani mna watoto wangapi. Sisi wengine tumepewa njia ya Dewey bila ya walimu wa Dewey.

Sekondari msingi, yaani gredi hizo tatu, ilipoanza mwaka 2023 katika viwanja vya shule za msingi, zilikuwapo shule zilizopata mwalimu mmoja tu kwa masomo yote, na masomo yenyewe, hata baada ya kupunguzwa, yakabaki tisa. Mwalimu aliyesomea Kiswahili na Dini akakabidhiwa Sayansi Jumuishi, Kilimo na masomo ya awali ya ufundi, na kwa kuwa ni mtu mwenye murua na mwenye kuogopa lawama, akafanya alilolimudu: akauchora msumeno ubaoni kwa chaki, meno yake na mpini wake, na watoto zaidi ya 50 wakaunakili daftarini, wakaandika jina la kila sehemu, kengele ikalia, na msumeno wenyewe asiwepo hata mmoja aliyeugusa. Jioni mzazi akatumwa saiba kulipia picha ya msumeno uleule ichapishwe, ibandikwe katika mradi wa mtoto, mradi utiwe alama. Huu ndio utendaji?

Mwalimu yuko wapi? Yamkini yumo nyumbani na shahada yake, akingojea. Au yumo darasani kwa jina la mwanagenzi, kwa ujira ambao baada ya makato ulikuwa kama shilingi 17,000 kwa mwezi. Aprili 2024 mahakama ilitamka kwamba kumwajiri mwalimu aliyehitimu kama mwanagenzi ni kinyume cha sheria. Mei walimu hao wakagoma. Mwaka uliofuata wanagenzi 46,000 wakapewa ajira ya kudumu, tukashukuru, na kabla shukrani hazijatutoka midomoni wakaajiriwa wanagenzi wengine.

Mwalimu yuko wapi? Tunauliza tena, kwa sababu katika alama zilizompangia mtoto mkondo wake, asilimia 60 zimetoka katika mtihani wa gredi ya 9, asilimia 20 katika ule wa gredi ya 6, na asilimia 20 katika tathmini za shuleni. Tathmini za shuleni hufanywa na nani pasipo mwalimu? Na kwa insafu gani mtoto ataambiwa kuwa kipawa chake hakimo katika sayansi, ilhali hajapata kuona kemikali mbili zikichanganywa mbele ya macho yake? Tunaambiwa kwamba mikondo hufuata vipawa. Kipawa hakijitangazi chenyewe. Hutambuliwa na mtu aliyekaa na mtoto, akamjua, akamsahihisha, akamrudisha kazini mara ya pili. Mtu huyo ni mwalimu, na mwalimu hayupo.

Basi tusikubali kuliwazwa kwa hotuba. Waheshimiwa wabunge, bajeti ijayo itakapoletwa mbele yenu, msiipitishe mpaka muwaone humo walimu wa sekondari msingi, walioajiriwa kwa haki na kulipwa kwa haki! Tume ya Kuwaajiri Walimu, tuwekeeni hadharani, shule kwa shule, ni walimu wangapi waliopo na ni masomo gani waliyosomea! Nawe mzazi, ambaye umezoea kwenda shuleni uitwapo kwa ajili ya kosa la mwanao, nenda kabla hujaitwa. Muulize mwalimu mkuu nani anamfundisha mwanao sayansi na nani anamfundisha ufundi, uandike majina, na majina yakipungua, yapeleke barazani umsomee mbunge wako mbele ya watu. Muulize Jumatatu, muulize muhula ujao, muulize mpaka ajibu: mwalimu yuko wapi?