Mpira wa Msichana Nao Ni Kazi

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, kijijini Tongoni, Tanga)

 

Leo tuzungumze habari za mpira. Siyo mpira wa miguu, maana huo kila mmoja hapa ni mwalimu wake. Nataka tuzungumze mpira wa kikapu, tena wa wanawake. Labda mtu atasema, "Huo si mchezo tu? Una faida gani?" Ngojeni kidogo. Wako wanawake wa Afrika ambao mchezo huu umekuwa kazi yao, kama uvuvi ulivyo kazi ya watu wa hapa.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Binti zenu shuleni hucheza mpira wa pete. Mpira wa kikapu ni ndugu yake. Katika mpira wa pete, ukishika mpira huruhusiwi kukimbia nao. Katika mpira wa kikapu unakimbia nao, lakini sharti uudunde chini. Kila upande una wachezaji 5 uwanjani. Kikapu kiko juu, mita 3 na sentimita 5 kutoka chini. Ukitumbukiza mpira unapata pointi 2. Ukitumbukiza kutoka mbali unapata 3.

Sasa sikilizeni habari za Mwadi Mabika. Alizaliwa Kinshasa tarehe 27 Julai 1976, wakati Kongo ikiitwa Zaire. Mwaka 1996 alikwenda na timu ya taifa kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Atlanta, Marekani. Alitimiza miaka 20 akiwa huko huko michezoni. Timu yao ilifungwa kila mchezo. Marekani peke yake iliwafunga pointi 107 kwa 47.

Mwingine angetundika viatu. Mabika hakutundika. Mwaka 1997 Marekani ilianza ligi mpya ya wanawake wa kulipwa, yenye timu 8. Ligi hiyo huitwa WNBA. Mabika akachukuliwa na timu ya Los Angeles Sparks. Ametoka nchi inayosomesha kwa Kifaransa, sasa anafanya kazi kwa Kiingereza. Akakaa na timu hiyo miaka 11. Mwaka 2001 walichukua ubingwa, na mwaka 2002 wakauchukua tena. Mwaka huo wa 2002 alikuwa akifunga karibu pointi 17 kwa kila mchezo. Basi yule aliyetoka katika timu iliyofungwa na kila mtu, akawa bingwa mara mbili.

Mwaka 2008 alihamia Houston Comets. Mwisho wa mwaka huo timu hiyo ikavunjwa. Mabika alikuwa na miaka 32, na huo ukawa mwisho wake katika ligi ile. Hapa ndipo pa kutazama vizuri. Mvuvi wa miaka 32 ndiyo kwanza anaaminiwa unahodha. Mchezaji wa miaka 32 magoti yanamwambia, "Bibi wee, inatosha." Kazi hii ni ya mwili, na mwili una muda wake.

Tena malipo ya wanawake hayalingani na ya wanaume. Mwaka 2024 msichana aliyechaguliwa wa kwanza kuingia ligi hiyo, Caitlin Clark, alipangiwa mshahara wa dola 76,535 kwa mwaka wa kwanza. Mwanamume aliyechaguliwa wa kwanza katika ligi ya wanaume mwaka huo huo alipangiwa zaidi ya dola milioni 12. Ndiyo sababu kwa miaka mingi wanawake wengi, ligi ya Marekani ikifungwa, walikwenda kucheza Ulaya, Uturuki au China. Ni kama mvuvi anayekwenda dago, bahari ya kwao ikiwa haina samaki.

Kwa hiyo mchezo peke yake hautoshi. Lazima uende pamoja na shule. Mtazameni Clarisse Machanguana, jirani yetu wa Msumbiji. Alisoma chuo kikuu Marekani huku akicheza, na mwaka 1999 akawa timu moja na Mabika. Alipomaliza kucheza alianzisha taasisi ya kusaidia watoto wa kwao. Mwili ulipochoka, kichwa kilikuwa bado na kazi.

Na si lazima twende mbali. Ukipanda basi Tanga, ukavuka mpaka Horohoro kwenda Mombasa, kabla ya kivuko cha Likoni utapita Tiwi. Hapo ipo shule ya sekondari ya Kaya Tiwi. Madina Okot, mzaliwa wa Mumias, Kenya, alisoma na kucheza kikapu katika shule hiyo. Mwaka 2024 alikuwa akichezea chuo kikuu cha Mississippi State, Marekani, na mwaka 2025 akahamia South Carolina. Vyuo vya huko huwalipia wachezaji hodari ada, chakula na malazi. Lakini humchukua aliyemaliza sekondari. Msichana aliyeachishwa shule akaolewe, hata awe mrefu kama mnazi, hawamchukui.

Najua wazazi wengine mna wasiwasi juu ya mavazi. Wasiwasi huo ni wa haki, tusiudharau. Ila jueni kwamba tangu mwaka 2017 sheria za mpira wa kikapu duniani zinamruhusu mchezaji kuvaa hijabu uwanjani. Binti anaweza kucheza na akajistiri.

Neno la mwisho ni lenu ninyi mliojua kusoma. Akija mtu na gari zuri akasema, "Nipeni huyu binti nimpeleke nje akacheze," msitie dole gumba. Zamani hizo zimepita. Ombeni mkataba, mkae chini, mkausome neno kwa neno. Nani anamlipa? Shilingi ngapi, kwa muda gani? Akivunjika mguu, nani atamtibu? Nani atamlipia nauli ya kurudi nyumbani? Kama hayakuandikwa, hayapo. Kama mkataba uko kwa Kiingereza, mpelekeeni mwalimu awasomee kabla ya kutia sahihi.

Mabinti wetu wanakimbia ufukweni kila jioni. Asilimia kubwa hawatakuwa akina Mabika, na si vibaya. Lakini kila mmoja anaweza kumaliza shule na kupata afya njema, na mwenye kipaji asizuiwe njiani na sisi wenyewe.



Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini mchezaji anahitaji elimu pamoja na mchezo?
2. Mambo gani lazima yaandikwe katika mkataba?
3. Je, hapa kijijini wasichana wana uwanja na wakati wa kucheza? Tufanye nini wapate?