Fumbo la Mzee Graham

 Ninyi mlio kitandani kwa sababu ya ugonjwa ndio hasa tuliowafikiria tulipoandaa maneno haya, ingawa tutaanzia mbali kidogo, katika ukurasa wa gazeti ambao wengi wetu huupita bila kuutazama.

Mnaufahamu ukurasa wenyewe. Kuna mraba mkubwa uliogawanywa vyumba vidogo, vyeupe na vyeusi, na kando yake maelezo yenye nambari, mengine ya kwenda kulia, mengine ya kushuka chini. Ni fumbo la maneno. Ndani ya matatu utamwona mtu mzima amevaa tai, kalamu mdomoni, akihesabu herufi kwa vidole. Konda akimdai nauli hasikii. Wako ndugu zetu kanisani wanaoona ni kupoteza wakati. Sisi hatuwezi kusema hivyo. Wazee wetu waliketi jioni na wajukuu wakategeana vitendawili, wala hakuna aliyewalaumu.

Tena fumbo hili limewahi kuingia kanisani. La kwanza lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likachapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Haikupita miaka mingi, mnamo 1924, mhubiri mmoja wa Kibaptisti huko Pittsburgh akaweka ubao mkubwa mbele ya ushirika wake ili walifumbue fumbo kwanza, ndipo ahubiri. Na zamani sana kabla ya hao, yule aliyeitunga Zaburi ya 119 alifanya kazi na herufi kwa saburi ya ajabu: mistari 176, minane minane, kila fungu na herufi yake katika zile herufi 22 za Kiebrania. Tukiisoma kwa Kiswahili kazi hiyo hatuioni. Twaona urefu tu, na wengine husinzia.

Sasa, mafumbo ya magazeti ya Uingereza ni magumu kuliko yale ya kawaida, kwa maana maelezo yake husema jambo moja na kukusudia jingine. Tutajaribu kuwaonyesha kwa lugha yetu. Tuseme mtungaji ameandika, "Keti, lakini angalia usiungue, herufi tatu." Utahangaika na kiti na moto mpaka ukumbuke kwamba kaa ni kuketi, na kaa ni la moto. Au aandike, "Mali iliyovurugika yataka jembe, herufi nne." Zichukue herufi za mali, uzivuruge, utapata lima. Tulipoyajaribu haya mezani kwetu tulipata pia mila, na lami, na imla, hata chai ikapoa.

Kuna siku pia mtungaji huyafunga majibu mengi kwa kamba moja, yote yakahusu jambo moja: ndege, ama mito, ama vitabu vya Biblia. Mwanzoni hujui jambo hilo ni lipi. Waokota neno hapa na neno pale, kisha ghafula unaona zinavyoelekea habari, na yaliyosalia yanaanza kufunguka yenyewe. Wapenzi wa mafumbo husema hapo ndipo utamu ulipo. Fumbo tunalotaka kuwasimulia leo lilikuwa la namna hiyo, lakini hatudhani kwamba waliolifumbua waliona utamu.

Mtungaji wake alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana, John Graham, aliyezaliwa mwaka 1921. Alihudumu katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akaingia utumishi wa kanisa. Mwaka 1958 alianza kutunga mafumbo ya gazeti la The Guardian. Baadaye akachukua jina la Araucaria, ambalo ni jina la mti wenye matawi ya miiba, ambao kwa Kiingereza husemekana kuwa ni fumbo hata kwa nyani. Mti huo huo waitwa pia msonobari wa Chile, na alipotungia gazeti jingine alizivuruga herufi za jina hilo la Kiingereza, Chile pine, akajiita Cinephile. Tunaona alikuwa mtu asiyeacha herufi zipumzike.

Hatutawaficha kwamba maisha yake hayakunyooka. Miaka ya 1970 ilipokuwa ikielekea kwisha ndoa yake ilivunjika, na kwa taratibu za kanisa lake wakati ule ilimpasa kuacha kazi yake ya ukasisi. Ndipo mafumbo, yaliyokuwa kazi ya pembeni, yakawa riziki. Labda wako wanaosikiliza ambao wangependa tumwache hapo tutafute mfano mwingine. Tutaendelea naye. Kwa zaidi ya miaka 50 watu waliamka, wakafungua gazeti, wakaketi naye kwa nusu saa au kwa siku nzima, wasimwone uso. Mwaka 2005 alipewa nishani ya MBE kwa kazi hiyo.

Ijumaa tarehe 11 Januari 2013 wasomaji walifungua fumbo la 25,842. Juu yake palikuwa na maneno machache ya utangulizi. Yalisema kwamba Araucaria anayo 18 chini ya 19, nayo inatibiwa kwa 13 na 15. Basi. Ili kujua mzee ana nini, ilibidi kulifumbua.

Hebu mfikirieni msomaji siku hiyo. Ana kikombe chake cha chai na penseli. Labda anadhani ni mzaha, maana mzee huyu alipenda mzaha. Anaanza pembeni penye wepesi. Hapa jibu ni muuguzi. Pale ni jina la kipimo kile cha kuingiza bomba lenye taa kooni. Kule ni ule mrija mdogo ambao madaktari huuweka ndani ya njia iliyoziba ili ipitishe. Jingine ni machweo ya jua. Sasa penseli inakwenda polepole. Namba 18 ina herufi sita, na kwa Kiingereza neno hilo ni jina la ugonjwa na pia ni jina la kundi la nyota, yaani yule kaa wa baharini. (Huyu ndiye kaa wa tatu, tuliyemruka pale juu. Nasi tunao ukoo huo huo: saratani ni neno tulilolipata kwa Kiarabu, na huko maana yake ni kaa.) Namba 19 ina herufi kumi, nayo ni umio, ile njia ya chakula kutoka kooni. Na 13 na 15 zikiunganishwa ni matunzo ya kumtuliza mgonjwa ambaye hatarajiwi kupona.

Mzee Graham alikuwa na umri wa miaka 91. Alipoulizwa kwa nini ametangaza kwa njia hiyo, alieleza kwamba kwake lilionekana jambo la kawaida tu. Barua na kadi zikamiminika kutoka kwa watu ambao hakupata kuwaona. Naye akaendelea kutunga. Alifariki tarehe 26 Novemba 2013, na umri wake miaka 92.

Ndugu wapenzi, twajua kwamba saratani ya umio si habari ya Uingereza tu. Hapa Kenya, hasa katika Bonde la Ufa na sehemu za magharibi, ni miongoni mwa saratani zinazoonekana sana. Mgonjwa huanza kwa kushindwa kumeza ugali, kisha nyama, kisha wali, mpaka hata uji unakuwa taabu. Lakini ni mara ngapi mmelisikia jina lake likitajwa? Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambazo matangazo ya vifo yalisikilizwa redioni kila jioni, na maneno yalikuwa ni yale yale: aliugua kwa muda mrefu, aliugua kwa muda mfupi. Ugonjwa wenyewe ulizikwa pamoja na mtu.

Katika ushirika wetu alikuwako mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekaa benchi ya pili upande wa dirisha. Gazeti lake lilikunjwa daima upande wa fumbo, na tunakiri kwamba mara nyingine mahubiri yakirefuka tulimwona akilichungulia. Baada ya ibada tulikuwa na desturi ya kunywa chai na mandazi chini ya mti. Mwaka mmoja mwalimu aliacha kula. Alisema, "Nimefunga." Juma lililofuata alisema hivyo tena. Akaanza kukonda, na sisi, Mungu atusamehe, tukamsifu. Mmoja wetu alimtaja mbele ya vijana awe mfano wa mtu aombaye kwa kufunga. Mwalimu aliinamisha kichwa tu. Hakuna aliyemwuliza, "Mwalimu, unafunga kwa ajili ya nini?"

Tulikuja kuambiwa na mkewe, siku tulipokwenda na wimbo na michango. Alikuwa hawezi kumeza tangu Pasaka. Alimkataza mama asiseme. Tulimwuliza mama kama alikuwa akituogopa, naye akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Alisema mtaanza kumtafutia dhambi." Hatukuwa na la kumjibu, kwa maana twajikumbuka. Mtu akipata ugonjwa wa namna hii, kabla hajafika nyumbani kutoka hospitalini, wako ambao wamekwisha kujua ni nani aliyemroga, na wako wengine, wa kanisani hao, ambao wamekwisha kujua alimkosea Mungu wapi. Kisha twastaajabu kwamba watu huficha.

Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua, na huwa tunaisema methali hiyo kana kwamba lawama yote ni ya mgonjwa. Mwandishi wa Kitabu cha Wafalme atuambia kwamba Hezekia alipopewa habari ya kifo chake aligeuza uso wake ukutani. Aliugeuza apate kuomba. Mwalimu wetu aliugeuza asionekane na sisi, na katika jambo hilo tungependa kuulizwa sisi kabla ya kuulizwa yeye.

Wala hatusemi kwamba kila mgonjwa na asimame atangaze. Mwili ni wake, na habari ni yake. Mzee Graham mwenyewe hakuziweka habari zake katika kichwa cha gazeti kwa herufi kubwa. Aliziweka mahali ambapo ni mtu mwenye kuketi na kutaabika kidogo ndiye angezipata, na aliwajua waketio hapo. Alikuwa amekaa nao miaka 50 na zaidi. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Yeye aliwafumbia rafiki. Mwalimu wetu naye alitufumbia. Mkate usioliwa, mshipi uliorudishwa matundu matatu, sauti iliyokauka kwenye wimbo wa mwisho: kila juma alituongezea herufi, nasi hatukuziunganisha.

Tena kuna jambo tulilochelewa kulijua, nasi tunalisema wazi kwa ajili ya wenye wagonjwa nyumbani. Matunzo yale ya 13 na 15 yapo hata kwetu. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na tangu hapo huduma za namna hiyo zimeingia katika hospitali nyingine nchini. Hawaahidi kuponya. Hupunguza maumivu, humsaidia mgonjwa alale, humweleza mke au mtoto namna ya kumlisha na kumgeuza. Mgonjwa ambaye hawezi tena kutibiwa saratani bado aweza kutibiwa maumivu. Ulizeni katika hospitali iliyo karibu nanyi. Mwalimu alikaa miezi kadhaa na dawa za kichwa za kununuliwa dukani.

Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, baada ya habari za harambee ya mabati na mkutano wa akina mama, mama mmoja wa makamo alisimama bila kuitwa. Alisema, "Mimi ni mgonjwa. Ni saratani, iko kwenye titi. Jumanne nakwenda hospitalini, na naogopa." Akaketi. Kanisa lilinyamaza kabisa. Karani wa ushirika alikuwa na daftari la matangazo mkononi na kalamu imekauka hewani, hajui aandike nini wala chini ya kichwa kipi. Ndipo bibi mmoja wa benchi ya nyuma, ambaye kwa kawaida huja kanisani na kuondoka bila neno, akauliza kwa sauti basi la Jumanne laondoka saa ngapi. Mtu akajibu saa kumi na moja alfajiri. Bibi akasema basi yeye atakuwa stendi saa kumi na nusu, na wengine watatu wakasema na wao.