Mwewe Atokaye Ndani ya Nyumba



Wapendwa wasikilizaji, wahenga wetu walisema kwamba kuku wa maskini hatagi, akitaga, haangui, na akiangua, vifaranga huchukuliwa na mwewe. Tumezoea kuitaja methali hii kwa kicheko chenye uchungu, kana kwamba umaskini ni amri iliyoandikwa mbinguni. Leo tujiulize jambo moja tu: huyo mwewe ni nani?

Tangu nyanda za juu za Mbulu, penye baridi na ukungu, hadi miteremko ya Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, jamaa nyingi huishi kwa jembe na mifugo. Tukitaja mifugo, fikira hukimbilia ng'ombe. Lakini mtoto anapougua ghafla usiku, si ng'ombe auzwaye asubuhi. Huuzwa kuku, au mbuzi. Chumvi, sabuni na daftari hutokana na mayai na mafungu ya mboga. Vitunguu saumu vya Mbulu husafiri hadi masoko ya mbali. Mchicha na mnavu wa nyuma ya nyumba ndio ufikao katika sahani ya mtoto.

Kazi hii huitwa ndogo, lakini ina elimu yake. Wazee wa Kainam, kule Mbulu, wamelima vilima vyao kizazi baada ya kizazi kwa kuyarudishia mashamba samadi ya zizini. Samadi iliyooza vema hustawisha mboga. Mabua na majani hulisha mbuzi. Maji ya kuoshea mboga hayamwagwi ovyo, hupelekwa bustanini. Mbuzi hubeba mimba yapata miezi 5. Kuku huatamia siku 21. Na ni nani azihesabuye siku hizo? Ni nani aamkaye kukata majani, na kuziba ua ili mbuzi asiingie katika mboga? Mara nyingi ni mama, pamoja na watoto.

Basi, yuko mwewe wa angani: huyo twamzuia kwa kuwafunika vifaranga kwa tenga. Yuko mwewe wa pili, ugonjwa wa mdondo, ambao huweza kufagia banda zima kwa siku chache: huyo twamzuia kwa chanjo ya matone ya jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi 3. Yuko na mwewe wa tatu, naye hatoki angani. Siku ya mnada baba humfungua mbuzi pasipo kumwambia mtu neno, naye hurudi jioni mikono mitupu, akinuka pombe. Akiulizwa, hujibu: "Mji huu ni wangu, na mbuzi ni wangu."

Wapendwa, nabii Nathani alimsimulia mfalme Daudi habari za tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi, na maskini aliyekuwa na mwanakondoo jike mmoja tu, aliyelelewa nyumbani kama mtoto. Tajiri alipofikiwa na mgeni, alihurumia mifugo yake mwenyewe, akamchukua mwanakondoo wa maskini na kumwandalia mgeni wake. Daudi akawaka hasira. Ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Kisa hiki kimetuchoma sisi pia. Tulikuwa katika ziara ya kigango kimoja, tukapokewa kwa furaha, tukachinjiwa kuku, tukala na kushukuru. Wakati wa kuagana, mtoto mdogo wa nyumba ile alitueleza, bila hila yoyote, kwamba kuku yule alikuwa ameatamia, na kwamba vifaranga wake walikuwa wamekwisha kuhesabiwa kuwa sare ya shule. Mayai yalibaki kiotani yakipoa. Baba ndiye aliyeamuru kuku achinjwe. Mama alitabasamu na kumnyamazisha mtoto. Tuliondoka tumeshiba, nasi tumeaibika. Yule mgeni wa kisa cha Nathani tulikuwa sisi, tuliokula bila kuuliza.

Katika Dominika ya 11 ya Mwaka C, Kanisa husoma karipio la Nathani pamoja na Injili ya Luka. Injili hiyo, katika kirefu chake, humalizika kwa kuwataja Maria Magdalena, Yoana mke wa Kuza, Susana na wengine wengi waliomhudumia Yesu na mitume wake kwa mali zao. Tuzingatie: mali zao. Bwana hakuona haya kutunzwa kwa mali iliyo mikononi mwa wanawake. Kwa nini sisi tuone haya kwamba mama ana mbuzi wake? Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humpa mke haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza.

Akina baba, hatuwaombi muache kuwa vichwa vya nyumba zenu. Twawaomba, kabla ya kumfungua mbuzi, mketi na mama wa watoto wenu, mwulizane: fedha hii ni ya nini? Walimu wa dini, litajeni jambo hili katika mafundisho ya ndoa. Jumuiya ndogondogo, mgeni akija, awe padre au mwingine, mpikieni mboga za bustanini, atashiba. Na sisi mapadre, tujifunze kuuliza kabla ya kuketi mezani.

Daudi alipoambiwa ukweli hakujitetea. Alikiri, naye akasamehewa. Mlango huo uko wazi hata leo kwa kila nyumba. Mwenyezi Mungu ayabariki mazizi yenu, bustani zenu na mikono inayozitunza: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.