Kivuli cha Jua na Kivuli cha Nyumba



Wakristu wapenzi wa Kipushi na wa vijiji vya kandokando, somo letu la leo latoka katika kitu ambacho kila mtu anacho, tajiri na maskini: kivuli.

Kwanza tukitazame katika viumbe vya Mungu. Mwanga wa jua waenda moja kwa moja. Ukizuiwa na mwili, nyuma ya mwili huo hubaki mahali pasipo mwanga. Hicho ndicho kivuli. Hapa kwetu, katika miezi ya baridi, kivuli cha adhuhuri huelekea kusini. Mwezi wa Desemba huelekea kaskazini. Na mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 24 Oktoba na tarehe 18 Februari, jua hupita juu ya utosi, na kivuli cha mtu aliyesimama hujikusanya chini ya nyayo zake. Mtu huyo hakulogwa, wala uhai wake haukupungua. Jua limepita njia yake tu.

Pili, wazee wengi walifikiri ya kuwa kivuli ni sehemu ya uhai wa mtu, wakaogopa kukikanyaga. Hata katika Kiswahili, neno kivuli hutumika pia kwa mzuka wa marehemu. Tusiwacheke wazee. Walijua ya kwamba mtu si nyama na mifupa tu, na hilo ni kweli. Lakini roho haikanyagwi kwa mguu, wala haiibiwi mavumbini. Katika Matendo ya Mitume twasoma ya kuwa wagonjwa walilazwa njiani ili kivuli cha Petro kiwaangukie. Nguvu ya kuponya ilikuwa ya Mungu, haikutoka katika kivuli chenyewe.

Tatu, kiko kivuli cha nyumba, nacho ndicho kinachotupasa kukifikiri zaidi. Mtoto hukua katika kivuli cha baba yake. Baba akifa, huhamia katika kivuli cha mjomba au cha baba mdogo. Mwembe haumwulizi mtu ukoo wake kabla hajaketi chini yake. Lakini wahenga walisema: Kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Mvumo ni mti mrefu unaofanana na mnazi. Kivuli chake huanguka mbali, na aliye karibu na shina huunguzwa na jua. Ndivyo alivyo mtu anayewakirimu wageni na kutoa sadaka mbele ya watu, huku mtoto wa marehemu ndugu yake akilala na njaa jikoni mwake.

Mgodi wetu ulifungwa mwaka 1993, ukaanza kutoa madini tena mwaka 2024. Mishahara ilipokatika, taabu iliingia katika nyumba nyingi. Na taabu ikiingia, watu hutafuta wa kumlaumu. Yatima asiye na wa kumtetea ndiye wa kwanza kunyoshewa kidole: huyu ni mlozi, huyu ameleta ugonjwa. Basi hupigwa, hunyimwa chakula, hufukuzwa. Ndugu zangu, hiyo ni dhambi kubwa. Tena sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 yamlinda mtoto: amshitakiye mtoto kwa ulozi aweza kufungwa gerezani. Mgonjwa apelekwe hospitali, na yatima aachwe kivulini.

Sasa tujibu pamoja.

Je, kivuli cha mtu ni roho yake?
Hapana. Kivuli ni mahali ambapo mwili umezuia mwanga. Roho haionekani kwa macho, wala haifi.

Je, ni nani wa kwanza kustahili kivuli cha nyumba yangu?
Ni yule aliye karibu nami asiye na kivuli kingine.

Nia ya juma hili ni hii. Leo jioni, kabla ya chakula, kila baba na kila mama atazame uani kwake: ni nani ameketi peke yake? Amwite kwa jina lake, aoshe mikono pamoja na wengine, ale katika sahani moja nao.

Mungu awabariki nyote. Amina.