NDEGE ZA KARATASI HUKO KAPSOKWONY



Mzazi aonapo ukurasa umechanwa katika daftari alilolinunua kwa fedha zake, hana budi kukasirika. Tena akimkuta mwanawe mteremkoni akiurusha ukurasa huo uliokunjwa mfano wa ndege, huenda akashika fimbo kabla ya kuuliza neno. Hasira hiyo ina haki yake, kwa kuwa daftari ni mali. Hata hivyo yafaa asimame kwanza, atazame mtoto afanya nini.

Kapsokwony iko katika miteremko ya Mlima Elgon. Mahali pa namna hiyo, jua likipasha ardhi moto mchana, hewa hupanda mlima. Usiku ardhi ikipoa, hewa huteremka. Mtoto mwenye ndege ya karatasi aweza kulijua jambo hili kabla hajalisoma.

Ndege ikiwa nzito nyuma, huinua pua, husita hewani, kisha huanguka. Mtoto huchoma mwiba puani ili kuiongezea uzito. Sasa yaenda chini mno. Huuchomoa mwiba, akaukata nusu, akajaribu tena. Ama huuacha mwiba ulivyo, akaupinda juu kidogo ukingo wa nyuma wa mabawa. Lakini akibadili mambo mawili kwa mara moja, hatajua ni lipi lililofaa. Ndege yenyewe humfundisha hayo, nayo haina upendeleo. Halafu huja ugomvi wa kupima: kila mmoja ahesabu hatua zake, na mwenye miguu mifupi hushinda daima, mpaka wakubaliane kwamba apime mtu mmoja tu.

Wilbur na Orville Wright wa Marekani walipewa na baba yao, mwaka 1878, kitu cha kuchezea kilichoruka kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Kilipovunjika wakaunda vingine. Tarehe 17 Desemba 1903 Orville aliruka kwa ndege yenye injini muda wa sekunde 12, mwendo wa meta 37 hivi. Mwaka 2022, huko huko Marekani, ndege ya karatasi ilirushwa ikapita meta 88!

Kuhusu daftari, kurasa za mwaka uliopita, zilizokwisha kuandikwa pande zote mbili, huruka sawasawa na kurasa nyeupe. Na wasichana nao wapewe, wasitumwe maji kila mara kaka zao waendapo mteremkoni.