Kusita na Kukataa kwa Kiingereza

Msikilizaji, Kiingereza kina maneno mengi ya kumweleza mtu asiyetaka jambo. Aliye "unwilling" hataki, basi. Aliye "reluctant" anasitasita, ila huenda akakubali. Neno hili lina asili ya Kilatini, kwa maana ya kupambana na kitu, na mvutano huo bado umo ndani yake. "Loath" ni kusita kuzito zaidi. Ukiliongezea herufi e mwishoni, linakuwa kitenzi cha kuchukia kabisa. Linalowachanganya wengi ni "reticent". Asili yake ni kunyamaza, nalo humfaa mtu asiyependa kusema yaliyo moyoni. Siku hizi hata Waingereza wenyewe hulitumia kwa maana ya kusita. Wewe unayeandika mtihani au barua ya kazi, ukimaanisha kusita, andika "reluctant".